Utandu kwenye Jicho la Kamera

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Kabla ya lolote pokea salamu, maana hapa wamepanga foleni, kila mmoja anataka atajwe kwa zamu yake na mimi nikimruka mtu leo sitalala humu ndani. Baba yako anakusalimu, goti bado linamsumbua lakini juzi kapanda ngazi kuangalia paa, nikamwambia shuka mzee, paa halijakuita. Kaka yako Seremala anakusalimu, na mkewe, tumbo limeshakuwa kubwa na hataki kusikia harufu ya vitunguu. Shangazi yako wa cherehani anakusalimu, anasema ile sketi uliyoiacha ameipunguza kiunoni, huko mlimani mnakula nini? Jirani yetu Mama Sabuni naye anakusalimu sana, anauliza kama kwa hayo madarubini yenu mnaweza kuona nani anamwibia kamba za kuanikia nguo. Hata friza yangu inakusalimu, nimeibadilisha mpira wa mlango, sasa inafunga kimya kama mlango wa benki.

Mimi mzima. Barafu zinauzika, jua halina huruma mwaka huu. Roho tu ndiyo iko juu juu. Simu nimeichoka, nikipiga yule dada ananiambia hupatikani, nami namjibu najua hapatikani, yuko mlimani, niunganishie basi. Afadhali barua. Dereva wa gari la vyakula amekubali kuzibeba, anapanda kwenu Jumanne, anashuka Ijumaa, na malipo yake ni barafu mbili za embe.

Sasa niambie, kile kikopo chekundu kilifika salama? Ile kamera ya nyota uliyopita nayo hapa nyumbani ukiitoa mjini. Inafanya kazi? Inaona? Umeshaiwasha? Nauliza tu. Ulipotueleza mezani kwamba inapenda baridi mimi nilikuelewa kuliko wote, kaka yako alikuwa anacheka tu. Siku mbili zile ulizokaa ulikuwa umechoka mwanangu, Jumamosi ulilala mchana kutwa, sikutaka kukuamsha.

Andika mapema. Hata mistari mitatu.

Mimi mama yako


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mama,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake na umfungie hiyo ngazi. Wengine wote nisalimie kwa foleni hiyo hiyo. Mama Sabuni mwambie tunaona mbali tu, karibu hatuoni.

Kamera ilifika, na nikwambie, ni kitu cha kuringia. Ukiishika ni kama kopo la maziwa ya unga, nyekundu, nzito. Mbele ina kioo, na pembeni mwa kioo umepita waya mwembamba wa kukipasha joto ili umande usitue. Nyuma ya kioo kuna chumba kidogo kilichofungwa, ndani yake limo jicho lenyewe, bapa linaloshika mwanga. Nyuma ya jicho kuna kibamba cha kupozea: ukikipa umeme, upande mmoja unakuwa baridi na wa pili unakuwa moto, na feni ya mgongoni inautoa ule moto nje. Ni friza yako hiyo hiyo, Mama, ila haina gesi wala haingurumi. Inaweza kushusha jicho nyuzi thelathini na tano chini ya hewa ya nje. Picha moja inachukua dakika kumi, na jicho likiwa na joto kwa muda wote huo linajitungia vidoa, utaona nyota mahali pasipo na nyota. Ndiyo maana ya baridi.

Niliifunga kwenye darubini mwenyewe, nyaya zote mimi, mkono haukutetemeka.

Lakini kuna doa. Katikati ya kila picha kuna wingu lenye vidole vidole. Tukiipoza sana linakua, tukizima baridi linayeyuka. Mkuu wetu ameziangalia picha zote, kisha akasema kwa sauti ya chini, na yule mama akishusha sauti ujue mambo yamepanda: "Nani ameifungua hii?"

Nikasema sijui.

Wenzangu wanataka irudishwe kwa walioitengeneza. Itakaa huko miezi sita na mradi utasimama. Mkuu anataka ripoti kutoka kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyeibeba. Na mimi muda wangu wa majaribio unaisha tarehe 31. Yeye ndiye anayeweka sahihi: nibaki au nishuke.

Usikeshe kwa ajili yangu. Kazi yangu naijua. Ila ombi moja: habari za kamera hii usizungumze na mtu, wala usimwandikie mtu yeyote.

Mwanao, Chiriku


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Chiriku wangu,

Salamu zako nimezigawa. Baba yako amesema ngazi ni yake.

Barua yako nimeisoma mara nne. Shule niliiacha darasa la nne, mambo ya kibamba na waya nimeyapata nusu nusu, lakini hilo wingu lenye vidole usinifundishe. Huo ni utandu wa barafu. Kila asubuhi naukuta kwenye kuta za friza yangu, una vidole, una majani, mwingine una manyoya kama kifaranga. Miaka kumi na minne nautazama usoni. Waambie hao wenzako wasitafute mchawi.

Na utandu hauletwi na baridi, watu hukosea hapo. Baridi peke yake ni kavu. Utandu unaletwa na unyevu uliopata njia ya kuingia. Mpira wa mlango ukilegea, hewa ya nje inaingia na maji yake, baridi inayakamata ukutani. Kwa hiyo humo chumbani mwa jicho mna maji. Si mengi, pumzi tu. Wanaotengeneza vitu vya namna hiyo hawaweki kitu cha kunywa unyevu? Hata viatu vipya vina vile vipakiti. Kama kipo, kimeshiba. Kitoeni, kikausheni kwa moto mdogo, kirudisheni. Na mtu asije akakwangua kwa kisu! Mimi nilishatoboa friza moja hivyo.

Sasa nikuulize, na usiniulize kwa nini nauliza. Kitu kama hicho kikipata baridi kabla ya siku yake, bila umeme, yaani baridi ya kawaida tu, kinadhurika? Na kile kizibo cha skrubu cha ubavuni, kina kazi gani? Mtu akikifungua kidogo halafu akakirudisha vizuri, kwa mfano?

Sina sababu. Nawaza tu.

Jibu mapema mwanangu.

Mama yako


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mama,

Shikamoo. Umeniacha mdomo wazi. Kizibo cha ubavuni ndipo zinapokaa punje za kukaushia, kama ulivyosema, za kunywa unyevu. Zikiwa nzima zina rangi ya chungwa, zikishiba maji zinageuka kijani. Siku moja watakuita huku uje ufundishe.

Lakini hapa hakuna mtu anayegusa skrubu kabla chanzo hakijajulikana. Tukifungua wenyewe bila sababu iliyoandikwa, waliotengeneza hawatatusikiliza tena. Chanzo kikijulikana kwamba unyevu uliingia huku kwetu, Mkuu ana ruhusa ya kuifungua, na ndani ya siku mbili kamera inaweza kupona.

Kwa hiyo nimetoa chanzo. Nimeandika kwenye ripoti kwamba nilipokuwa nyumbani niliifungua mwenyewe, nilikuwa na hamu ya kuiona, nikaiacha wazi karibu na maji. Nimetia sahihi. Mkuu ameisoma, akaniambia atatoa uamuzi Jumatatu ya tarehe 24.

Nadhani nitashuka. Usisikitike. Mikono yangu hii haitakosa kazi, kuna watu wanatengeneza mashine za hospitali, kuna wenye kamera za harusi. Mwambie kaka anitafutie kitanda changu kile, asinipe kile kibovu.

Na hayo maswali yako ya kwa mfano kwa mfano, yaache. Yamekwisha.

Mwanao, Chiriku


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Kwa Bi Mkuu wa kituo cha darubini,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na wote walio chini yako hapo kazini, wenye zamu na waliopumzika, mpishi na mlinzi. Mimi ni mama wa yule fundi wako wa kike, mwembamba, anayezungumza sana. Ninauza barafu na juisi barazani kwangu. Mwandiko wangu univumilie.

Ripoti aliyokuandikia mwanangu ni ya uongo. Kamera yako niliiharibu mimi.

Ilikuwa hivi. Alifika Ijumaa na lile boksi, akatueleza wakati wa kula kwamba kamera ile inataka baridi, ikipata joto inaona nyota za uongo. Jumamosi mchana nyumba ilikuwa inawaka. Yeye kalala, boksi liko juu ya kabati chini ya bati. Nikaliona joto lile, nikaingiwa na hofu. Nikasema kitu cha watu hiki, kinaoza huku mwenyewe kalala. Nyama ikiletwa sisubiri mtu aamke, naiweka kwenye baridi. Basi nikaitoa kwenye boksi, nikaitoa na kwenye mfuko wake, nikaiweka kwenye friza, upande wa kulia, juu ya barafu za embe, mbali na zile ambazo hazijaganda. Iliingia saa saba na robo mchana, ikatoka saa kumi na moja na robo. Ni muda wa saa nne kamili, najua kwa sababu niliingiza barafu mpya wakati huo huo na zangu huchukua saa nne. Kipimo cha friza kilisoma nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Nilipoitoa ilitoa jasho mwili mzima. Nikaifuta kwa taulo safi. Maji yakawa hayaishi, yanarudi, nikaona yamekaa pale kwenye kizibo cha ubavuni. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilikizungusha kile kizibo nikakifungua ili ipumue, kama ninavyofanya chupa ya chai nikishaiosha. Nikaiacha wazi kama nusu saa juu ya meza, dirisha wazi, kisha nikafunga, nikairudisha kwenye mfuko, nikafunga mfuko, nikairudisha kwenye boksi. Mwanangu alipoamka nilimpa chakula. Sikumwambia. Niliona aibu, halafu nikajipa moyo kwamba haikuvunjika.

Nimejaribu kumwambia kwa barua nikazunguka zunguka. Sasa ameamua kubeba mwenyewe kitu asichokijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kinachoumbuka kiwe mtoto.

Kama kuna adhabu, anwani yangu iko nyuma ya bahasha. Ila kamera ifungue leo leo, usingoje tarehe 24. Zile punje zitakuwa kijani. Zikaushe kwa moto mdogo, na kizibo kifungwe mahali pakavu.

Mama wa fundi


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mama,

Nakuheshimu na nakushukuru.

Mezani kwangu zipo barua mbili, kila moja inadai kosa lile lile. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na mpaka wiki hii watu walikuwa wananiletea makosa ya wenzao tu.

Yako ina saa, nyuzi na upande wa friza. Ya binti yako haina hata saa. Nikaiamini yako. Jana tumefungua kizibo mbele yangu. Punje zote kijani. Tumezikausha kwenye oveni ya mpishi, ambaye bado amenuna. Usiku wa jana kamera ilishuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri, ikakaa hapo saa nne, bila doa. Jicho halikuumia.

Kuhusu binti yako. Kamera iliyolowa hukaushwa. Ripoti ya uongo ni jambo jingine, kwa sababu sisi hapa tunaishi kwa kuandika tulichokiona. Sitamfukuza, mkono wake ni mzuri kuliko wa fundi yeyote niliyempokea hapa. Lakini sahihi ya kumthibitisha sitaiweka tarehe 31. Nimemwongezea miezi mitatu ya majaribio, na ameandika ripoti upya.

Tafadhali usigandishe kitu chetu kingine chochote.

Mkuu wa kituo


Alhamisi, tarehe 27 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki iliyopita sikukuandikia kwa makusudi. Nilikuwa na hasira, na hasira haifai kupewa Dereva abebe.

Nilikuomba usimwandikie mtu. Ukamwandikia mkubwa wangu wa kazi! Niliitwa ofisini, nikakuta mwandiko wako mezani, nikajiona nina miaka saba na nimepelekwa shule kwa kushikwa mkono. Sasa wananiita Binti Friza. Mpishi kila akifungua jokofu ananikaribisha ndani. Nacheka nao, nifanye nini.

Unamwambia Mkuu nilibeba kitu nisichokijua. Nilikijua, Mama. Nilikijua siku ile ile ya kufungua boksi, kabla hata sijaona doa. Nilikuta mfuko umefungwa fundo lako. Hakuna mtu mwingine duniani anayefunga mfuko wa plastiki vile: unaizungusha shingo mara mbili, unaikunja, unachomeka ncha chini, mpaka meno yahusike. Nimefungua mafundo hayo maisha yangu yote. Sikujua umefanya nini, ila nilijua umeingia humo. Nikaukata ule mfuko nikautupa kabla wenzangu hawajafika. Ulipoanza kuuliza habari za kizibo nikamalizia hesabu mwenyewe.

Barafu zile ndizo zilizonisomesha. Ada, madaftari, nauli ya chuo, zote zilitoka kwenye ile friza. Nisingeweza kuiandika kwenye ripoti ya makosa, watu wakaisoma kwenye kikao na kucheka. Afadhali wangenifukuza, na wewe usitajwe.

Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?

Kazi ninayo. Kamera inaona vizuri mno. Lakini hilo nijibu.

Chiriku


Jumatatu, tarehe 31 Machi

Mwanangu Chiriku,

Leo salamu za wengine nimeziacha mlangoni, watakuandikia wenyewe. Hii ni yangu mimi na wewe.

Unauliza kwa nini sikukuambia kwanza. Ningekuambia, ungenizuia. Ungenijibu kwa maneno matamu, Mama yaache, yamekwisha, kama ulivyojibu, nami ningetulia kwa sababu nilikuwa natafuta wa kunituliza. Nikaona nikizubaa siku moja zaidi nitakuacha ushuke mlima kwa kosa langu, na nitakupikia vizuri, na nitakaa kimya mpaka nakufa. Nilijiona kabisa nikifanya hivyo. Ndipo nikachukua kalamu.

Umeaibika mbele ya wenzako, pole. Hiyo nakuomba radhi kweli. Radhi ya kumwandikia Mkuu sikuombi. Kosa lilikuwa langu, nimelifanya kwa mikono yangu miwili na akili zangu timamu, hukuwa na ruhusa ya kunichukulia. Mimi sijazeeka kiasi cha kubebewa makosa, mwanangu. Na kubwa zaidi, barafu hazikukusomesha ili uje uandike uongo kwa ajili yake. Zilikusomesha uandike kile ulichokiona. Yule mama yenu amelisema hilo vizuri kuliko mimi.

Miezi mitatu utaimaliza. Sina wasiwasi hata chembe, na mimi wasiwasi unanijua, tumekaa nyumba moja tangu nilipokuzaa. Mtu aliyefunga nyaya zote bila mkono kutetemeka hashindwi na miezi mitatu. Hao wanaokuita Binti Friza waitikie kwa sauti. Waambie ndiyo, na ni friza iliyojua ugonjwa wa kamera yenu kabla ya mafundi sita.

Ila kuna neno moja katika barua yako limenikaa kifuani, nimelala nalo na kuamka nalo siku tatu. Umesema hukutaka wasome kwenye kikao na kucheka. Nikajiuliza wangecheka nini? Kosa? Makosa kila mtu anayo. Au wangecheka friza, na mwanamke wa darasa la nne anayefunga mifuko kwa meno barazani? Mimi ile friza sijawahi kuionea aibu hata siku moja. Nilidhani na wewe hali kadhalika. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima: ulinificha wasinilaumu, au ulinificha wasinione?

Usinijibu la kunifurahisha. Hilo umelizoea sana, na nadhani ulijifunzia kwangu. Nijibu ulivyoona, hata kama ni yote mawili, hata kama ni lile baya. Nitalipokea, wewe bado ni wangu na mimi bado ni wako, hakuna barua itakayobadilisha hilo.

Gari linashuka Ijumaa. Nitakuwa nimekaa barazani tangu asubuhi, na Dereva nimeshamwambia asije mikono mitupu. Andika usiku huu huu ukiisoma hii, mwanangu, usinikawize.

Mimi mama yako